Valvu Mia Tisa na Kumi na Nne

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipokea simu za watu waliokosa maji na simu za watu waliozidiwa na maji, na ungemuuliza zipi zilimchosha zaidi, angekujibu bila kufikiri: za waliozidiwa. Aliyekosa maji hugomba. Aliyezidiwa hulia.

Ofisini walimwita Sauti. Nusu ya mji nayo ilimwita hivyo, kwa kuwa ilimjua kwa sikio tu. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya chini ya mamlaka ya maji. Ndani yake mlikuwa na simu mbili za mezani, redio ya kuongea na mafundi walioko nje, daftari kubwa la jalada jeusi, feni iliyojua kugeuza shingo upande mmoja tu, na dirisha linalotazama yadi ya mabomba.

"Mamlaka ya maji, nikusaidie nini?"

"Bomba limepasuka!"

"Pole sana. Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi, dada yangu?"

"Hapa nje kwangu!"

Ndivyo siku zilivyoanza. Kwa subira Sauti alimvuta mtu neno kwa neno mpaka apate kitu cha kuandika: nyuma ya duka la rangi, mkabala na palipokuwa na banda la baiskeli. Aliwasomea mafundi kwenye redio, nao wakazunguka saa nzima wakilitafuta banda lililobomolewa miaka sita nyuma.

Na kulipata pasuko ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa valvu. Valvu ni mlango wa maji uliofukiwa ardhini, ndani ya chemba yenye mfuniko wa chuma. Usipoufunga mlango huo, hata ulete mafundi mia moja, watakuwa wanashindana na mto. Mji ule ulikuwa na valvu mia tisa na ushee. Nyingine zilikuwa zimefunikwa na lami, nyingine na vibanda, nyingine zimejengewa ngazi za maduka juu yake. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua zote zilipo.

Huyo alikuwa Mzee Valvu. Alikuwa mwembamba kama ufunguo wake wa chuma, ule mrefu wenye mpini wa kushika kwa mikono miwili. Amebakiza miaka miwili astaafu, ana ukungu machoni, na mdomo wake haujawahi kukosa jibu. Kila alipoambiwa aandike anayoyajua, alijigonga kipaji cha uso kwa kidole. "Daftari linaungua. Kompyuta inaibiwa. Hapa haingii mwizi."

Hapo hapakuingia mwizi, ni kweli. Lakini mwaka mmoja, katikati ya mvua za masika, Mzee Valvu alikwenda msibani mbali, simu yake ikaisha chaji, na bomba la inchi nane likapasuka juu ya mtaa wa mteremko.

Mafundi walichimba hapa, wakachimba pale. Chini ya mteremko palikuwa na mama mmoja fundi cherehani. Mama huyo alimpigia Sauti mara kumi na tisa. Simu ya kwanza, maji yalikuwa kwenye kizingiti. Ya tisa, yamefika kwenye kanyagio la cherehani. Ya kumi na nne hakupiga kelele tena. Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliouma: "Mwanangu, hata kuniambia wanakuja, huwezi?" Ya kumi na tisa ilikuwa ya kuarifu kwamba ukuta wa nyuma umelala chini, na vitambaa vya watu vimekwenda na maji.

Ilichukua saa saba nzima valvu kufungwa. Hakufa mtu. Sauti alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa nacho kimoja mkononi.

"Kuna nini, mama?" mume wake aliuliza.

"Hakuna," akajibu, kisha akalia mpaka kwikwi.

Kesho yake asubuhi hakwenda chumbani kwake. Alipanda ngazi mpaka kwa Injinia, kijana nadhifu wa shati la mikono mirefu, aliyekuwa mkuu wa mtandao wa mabomba.

"Injinia, naomba kuuliza. Hivi sisi hatuna ramani ya valvu?"

"Tunayo," Injinia alijibu, akashangaa kuulizwa. "Wataalamu waliipima miaka mitatu iliyopita. Kila valvu ina namba zake za mahali. Data tunayo, dada."

"Mbona jana mafundi hawakuitumia?"

Injinia alimgeuzia kompyuta. Lilikuwa jedwali refu lisilo na mwisho, safu kwa safu za tarakimu zenye nukta na mikia mirefu. Ramani yenyewe ilifunguka kwenye kompyuta ile moja tu, kwa programu nzito aliyoijua yeye peke yake. Siku ya mafuriko yeye alikuwa kwenye semina.

Sauti alitazama zile tarakimu. "Kumbe kisima tunacho," alisema, "ila kamba umeivaa wewe kiunoni."

Injinia hakucheka. Lakini alipoombwa nakala ya jedwali, alimpa. Pengine aliona kuna ubaya gani, mpokea simu atalifanyia nini.

Hakujua kwamba Sauti ana wifi.

Huyu wifi, dada mdogo wa mume wake, alikuwa mpima ardhi. Alikuwa mwanamke wa buti na kofia pana, na aliongea huku akitafuna ubua wa nyasi kana kwamba bado yuko porini. Jumapili alipokuja kutembea, Sauti aliweka kompyuta ya mkononi mezani kabla hata ya kumkaribisha maji.

"Wifi, nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kuzifanya hizi namba ziwe mahali."

Wifi alisoma safu mbili tatu, ubua ukaacha kucheza mdomoni. "Hizi ni dhahabu, wifi yangu. Nani kazificha?"

Alimwonyesha kwamba siku hizi huhitaji programu nzito. Kuna ramani za bure mtandaoni. Unaingiza jedwali lako, unaiambia ramani safu ipi ni ya kaskazini na kusini, ipi ni ya mashariki na magharibi, nayo inakupandia vitone. Sauti akaingiza kwa mkono wake mwenyewe. Kitufe. Wakasubiri. Ramani ikafunguka, nyeupe kabisa, haina kitone hata kimoja.

"Rudi nyuma uitazame dunia nzima," wifi alisema.

Akarudi nyuma. Valvu zote za mji zilikuwa katikati ya bahari, mbali na nchi yoyote, zimekusanyika kama kundi la dagaa.

Wifi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Umezipindua! Ya kwenda juu umeiweka ya kwenda pembeni. Usijali, wote tumewahi kuzama hapo."

Zikageuzwa. Vitone vikaruka kutoka baharini, vikatua juu ya mji: barabarani, mitaani, kwenye kona alizozijua. Sauti aliweka kiganja kifuani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiuona mji kwa maneno ya watu wenye hofu. Sasa aliuona kwa macho.

Ofisini habari zilienea kwamba Sauti anafundishwa mambo ya mtandao na wifi yake, na watani wakapata la kusema. "Wenzetu wanalipia waifai," walisema, "Sauti ana wifi wa bure."

Aliwachekea, akaendelea. Wiki ya pili aliibeba ramani kwenye simu yake, akaipeleka yadini kwa Nyapara, msimamizi wa mafundi. Huyu alikuwa mtu wa kifua kipana na maneno machache. Nyapara aliifuta mikono kwenye ovaroli, akaishika simu kama mtu aliyepewa yai.

"Hii nini?"

"Valvu zetu zote."

Akatazama. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Naona punje zilizomwagika. Sasa mimi nimo shimoni, maji yananifika kiunoni, jua linapiga kwenye kioo. Punje ipi niifunge?"

Sauti akairudisha simu mfukoni.

Siku zake za mapumziko alianza kupanda gari la mafundi. Hakutoa ushauri, alitazama tu. Aliona kwamba simu zao zina vioo vilivyopasuka na vidole vyao daima vina matope. Aliona kwamba hakuna aliyesema "valvu namba 0417." Walisema "ile ya kwa fundi redio," "ile ya kona ya mbwa mkali," "ile ya bibi anayefukuza watu." Hayo ndiyo yalikuwa majina ya mji. Basi alirudi kwa wifi, wakaanza upya. Vitone vidogo vikawa vikubwa. Vya bomba kuu vikawa vyekundu, vya mitaani vikawa bluu. Palipokuwa na namba pakaandikwa jina la watu. Ukigusa mahali palipopasuka, ramani inazima vitone vyote na kukubakizia vile tu unavyotakiwa kufunga, viwili au vitatu. Ilifunguka kwa bando dogo, hata palipo na mtandao wa kusuasua.

Ilikuwa imebaki kazi moja, na ndiyo ilikuwa mlima. Wataalamu walipima kwa haraka. Vitone vingine vilikuwa hatua thelathini mbali na valvu yenyewe. Na hakukuwa na kitone kilichosema valvu inazunguka mara ngapi, imekaza au imelegea, mfuniko uko chini ya nini. Mwenye hayo alikuwa mmoja.

"Sitaki," Mzee Valvu alisema kabla Sauti hajamaliza kumsalimu. "Nimesikia. Mnataka kunikamua halafu mtupe makapi."

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Sitaki."

Sauti hakumlaumu. Mtu aliyekuwa akiitwa kila penye shida, leo aambiwe shida zitaisha bila yeye, atafurahi vipi? Sauti alikuwa karibu kuondoka. Ila simu ilikuwa wazi mkononi, na mzee, ambaye udadisi ulimzidi nguvu, alichungulia kwa jicho lake lililo zima kidogo.

"Hapo ni wapi?"

"Njia panda ya kiwanda cha sabuni."

"Na hicho chekundu?"

"Valvu."

"Nani kasema?" Mzee Valvu alisimama. "Nani kasema valvu iko hapo? Hapo pana nguzo ya umeme! Valvu iko ng'ambo, chini ya mtaro, niliiweka mwenyewe na mvua inanyesha! Mwongo huyo! Nani kaandika uongo huu?"

"Wataalamu."

"Wataalamu!" Alivaa kofia. "Twende. Twende sasa hivi nikakuonyeshe."

Walikwenda. Na kweli valvu ilikuwa ng'ambo, chini ya mtaro. Sauti alipiga picha, akakivuta kitone kwa kidole mpaka mahali pake mbele ya macho ya mzee. Mzee Valvu alitazama kosa likisahihishwa, akashusha pumzi kama mtu aliyetolewa mwiba.

"Na ile ya shule?" aliuliza. "Ile wameiandika wapi?"

Kutoka siku hiyo hakuhitaji kubembelezwa. Kwa miezi minne, kila Jumamosi asubuhi, walitembea mtaa kwa mtaa, yeye mbele na ufunguo begani, Sauti nyuma na simu. Kila kosa lilimtia hasira, na kila hasira ilimfungua mdomo. "Hii mizunguko ishirini, usikaze mwisho." "Hii ina ukoo na ile pale, ukifunga moja umejidanganya." Mbele ya kinyozi mmoja, kwenye barabara ya juu ya hospitali ya wazazi, alimfanya kinyozi asogeze benchi, akafunua zulia la plastiki, na chini yake pakawa na mfuniko.

"Hii andika kwa rangi nyekundu," alisema. "Iliwekwa na mafundi wa zamani. Inafungwa kinyume. Wenzake wote wanageuzwa kulia, hii inageuzwa kushoto. Mizunguko arobaini na mbili. Ukiilazimisha kulia inavunjika shingo, na ikivunjika shingo utalia na kusaga meno. Nisomee ulichoandika."

Akamsomea. Akamsomesha tena. Na mara ya tatu.

Hesabu ilipokamilika, valvu zilikuwa mia tisa na kumi na nne, na themanini kati yake wataalamu hawakuwahi kuziona kabisa.

Mkutano wa idara, alipoipeleka ramani hiyo, haukwenda vizuri. Mkurugenzi alisikiliza akiwa ameegemea kiti, na Injinia alizungumza kwa lugha ya kiungwana yenye ncha. Hiyo ni mali ya mamlaka. Je, mtu mbaya akiipata? Nani amehakiki hizo picha na hadithi za mitaani? Swali la kwanza lilikuwa la haki, na Sauti alilijibu: kila simu ya fundi ina neno lake la siri, ikipotea inafungiwa. La pili alilijibu kwa jina la Mzee Valvu, na Injinia akatabasamu kidogo kama anayemsikitikia.

"Acheni kwanza," Mkurugenzi aliamua. "Mafundi waendelee nayo kwa majaribio, lakini penye tukio kubwa, maagizo yatatoka kwa Injinia. Tutaangalia mwakani."

Mwakani. Sauti alirudi kwenye simu zake. Wifi alimwambia asife moyo. Mume wake alimkandia unga jioni ile bila kuombwa, jambo ambalo ndani ya nyumba hiyo lilikuwa sawa na hotuba.

Wiki tatu hazikupita.

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, na Mzee Valvu alikuwa amelazwa mji wa pili akitolewa mtoto wa jicho. Simu ya kushoto ililia.

"Mamlaka ya maji, nikusaidie…"

"Hapa hospitali ya wazazi, ni muuguzi mkuu." Muuguzi alikuwa ameibana sauti yake isitetemeke. "Barabara ya juu yetu imefumuka. Maji yanashuka getini kama ukuta. Yako koridoni, na mwisho wa korido kuna chumba cha watoto njiti. Wako tisa. Mashine zao ziko kwenye umeme, siwezi kuwahamisha wote kwa pamoja."

Sauti aliandika saa. Tano na dakika saba. "Usikate simu," alisema. "Nipo na wewe." Akaweka mkono wa simu juu ya daftari, akashika redio. "Nyapara, bomba kuu, barabara ya juu ya hospitali ya wazazi. Fungua ramani, gusa hapo."

Kelele za gari, kisha Nyapara: "Nimegusa. Zimebaki mbili nyekundu. Tangi la Pili na Kinyozi."

"Wangapi mko?"

"Wanne."

"Gawanyikeni."

Mlango ulifunguka kwa kishindo, Injinia akaingia na karatasi zinapepea, nyuma yake makarani, nyuma yao Mkurugenzi mwenyewe. "Zimeni pampu!" Injinia alisema.

"Pampu zikizimwa, tangi la mlimani litaendelea kumwaga lenyewe," Sauti alijibu bila kugeuka. "Litachukua saa tatu mpaka liishe. Wewe ndiye uliyetufundisha, Injinia."

Injinia akazishusha karatasi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Saa tano na dakika kumi na tano redio ilikohoa. Wale wawili wa Tangi la Pili walikuwa wameufuata mshale wa ramani mpaka nyuma ya ukuta, wamefananisha na picha, wamefungua mfuniko, wamefunga valvu. Upande mmoja umekatika. Muuguzi mkuu akaulizwa. Hapana, alisema, bado yanakuja, yamefika nusu ya korido. Wameanza kuwabeba watoto mmoja mmoja.

"Nyapara, uko wapi?"

"Kwa kinyozi. Wateja wanatoka na povu kidevuni. Tumeinua zulia, mfuniko huu hapa. Nimeuingiza ufunguo." Redio ikakwaruza. "Sauti. Hapa kumeandikwa kwa wekundu, geuza kushoto."

"Kosa hilo!" Injinia aliruka. "Valvu zote za mtandao huu zinafungwa kulia, ndicho kiwango! Akigeuza kushoto anazidi kuifungua, tutaizamisha hospitali! Mwambie kulia!"

Chumba kizima kilimtazama Sauti. Nyapara naye, miaka thelathini ya kugeuza kulia ikiwa imekaa mikononi mwake, aliuliza taratibu: "Una uhakika?"

Alikuwa na uhakika gani? Alikuwa na neno la mzee mmoja mwenye ukungu machoni, aliyesimama mbele ya kinyozi siku ya Jumamosi. Kama mzee alikosea, watoto tisa. Kama mzee alikuwa sahihi na yeye akaogopa, watoto tisa. Kisha akakumbuka kwamba, ingawa hii hawakuigusa, katika valvu zote walizojaribu kwa ufunguo mzee hakukosea hata moja.

"Kushoto," alisema. "Nina uhakika. Mizunguko arobaini na mbili. Geuza, kaka yangu, nami nahesabu."

Ikasikika chuma kikilia. Kisha Nyapara akiguna. Kisha: "Inakwenda! Moja!"

"Moja," Sauti akarudia.

"Mbili!"

Ilipofika kumi, makarani walikuwa wanahesabu pamoja naye. Ilipofika ishirini, watu wa mapokezi na mlinzi wa geti walikuwa mlangoni, na wao wanahesabu. Ilipofika thelathini na tano, sauti ya chini iliyonyooka iliungana na nyingine zote, na Sauti hakuhitaji kutazama kujua ni ya Injinia.

"Arobaini! … Arobaini na moja! … Arobaini na mbili! Imekaa!"

Akaunyanyua mkono wa simu. "Muuguzi mkuu? Upo?"

Zilisikika hatua zikichapa majini, mlango, mtu akiita mtu.

"Yamesimama," muuguzi mkuu alisema. "Yamesimama kwenye kizingiti chao. Yanarudi nyuma. Yanarudi, dada! Wote tisa wako salama!" Kisha nyuma yake, kutoka wodini, vikalipuka vigelegele, vya wauguzi, vya wazazi, vya bibi waliokuja kutazama wajukuu, vikapita kwenye waya na kujaa chumbani, na karani wa mita, mwanamke mnene mwenye haya, akaweka mikono kinywani akavijibu kwa nguvu zake zote.

Saa tano na dakika ishirini na nane. Sauti aliandika kwenye daftari jeusi. Dakika ishirini na moja.

Mkurugenzi alikuwa amesimama katikati ya watu, hajui aanzie wapi. "Kazi nzuri sana, Injinia," alisema hatimaye, kwa mazoea.

Injinia aliweka karatasi zake mezani. Ukweli lazima usemwe: alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mwizi. "Hapana, mkuu," alisema. "Namba zilikuwa zangu, na zilikaa miaka mitatu bila kumsaidia mtu. Ramani ni yake. Na kama angenisikiliza mimi leo, tungekuwa tunazungumza mengine." Akamgeukia Sauti. "Nisamehe, dada."

"Yameisha," Sauti alisema. Kisha, kwa kuwa asingekuwa yeye kama angeacha: "Ila na wewe utalipata neno lako la siri. Utaanza kama mwanafunzi, chini ya Nyapara."

Watu waliangua kicheko, na Injinia akacheka kuliko wote.

Jioni Mzee Valvu alipiga simu kutoka hospitali, bandeji jichoni, habari zimeshamfikia. Hakuuliza hali ya mtu.

"Ile ya kinyozi, waligeuza wapi?"

"Kushoto, mzee."

"Mizunguko mingapi?"

"Arobaini na mbili."

"Haya," mzee alisema. "Haya, mwanangu. Basi nikilala, nimelala."

Mambo yalikwenda mbio kuliko kawaida ya ofisi. Kabla ya mwezi kwisha, ramani ilikuwa kwenye simu ya kila fundi, na Sauti alihamishiwa chumba cha juu chenye madirisha mawili, pamoja na wifi yake, aliyeazimwa kutoka ofisi ya upimaji na hakurudishwa. Wananchi nao walifunguliwa sehemu yao. Mtu akiona maji barabarani, anagusa mahali kwenye simu, anatuma, basi. Mzee Valvu alipostaafu alipewa mkataba wa kuhakiki, akawa anazunguka na jicho jipya akitafuta makosa, na siku akikosa kosa anarudi amenuna. Timu kutoka mamlaka za miji mingine zilikuja kujifunza. Kila timu Sauti aliiuliza swali moja kabla ya kufungua kompyuta: kwenu, nani anayejua? Mleteni huyo kwanza, mumwonyeshe palipokosewa.

Mwezi wa nane bomba jingine kuu lilipasuka, asubuhi, karibu na stendi. Siku hiyo Sauti alikuwa likizo. Alikuwa amekaa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima kama imeona jini, simu iko mapajani. Ujumbe wa kwanza ulisema limepasuka. Aliinuka nusu, msusi akamvuta kwa nywele. Kabla hawajamaliza kubishana, ujumbe wa pili uliingia, kutoka kwa fundi kijana ambaye Sauti hakuwa hata anamfahamu. Ulikuwa na picha ya mfuniko, picha ya barabara inayokauka, na maneno manne: Valvu mbili, dakika kumi.

Aliusoma mara mbili. Hakuna aliyempigia. Hakuna aliyemhitaji. Furaha ilimpanda kutoka miguuni, ikamjaa kifua, akaanza kucheka peke yake mbele ya kioo, mabega yakimtikisika.

"Tulia basi, nitakukosea mistari," msusi alisema. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu," Sauti alisema, akaegemea kiti, akanyoosha miguu. "Hakuna kitu kabisa. Endelea, dada, tena nisuke zile ndogo ndogo. Leo sina haraka."